Bafu Jipya na Thamani ya Nyumba: Tathmini ya Huduma ya Ukarabati Kamili

Ukarabati wa bafu huongeza thamani ya nyumba pale unapoondoa kasoro ambayo mnunuzi angeitumia kushusha bei. Pale unapobadilisha tu kilichokuwa kizima ili kiwe kipya, nyongeza yake ni ndogo na wakati mwingine haionekani kabisa. Huo ndio uamuzi niliofikia baada ya kununua huduma ya ukarabati kamili kutoka kwa kampuni inayobeba kazi yote, kuanzia kubomoa hadi kufagia vumbi la mwisho, na baada ya kulitumia bafu hilo kwa muda wa kutosha kuona kilichodumu na kilichoanza kuonyesha udhaifu. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa kuwa ninachokipima hapa ni aina ya huduma, pamoja na maswali ambayo mwenye nyumba anapaswa kuyauliza kabla ya kuilipia.

Bafu tulilokuwa nalo lilikuwa la zamani, ingawa halikuwa chafu. Vigae vilikuwa vimepauka, choo na sehemu ya kuogea vilikuwa katika chumba kimoja, mabomba ya chuma yalitoa maji yenye rangi ya kutu kila asubuhi yalipofunguliwa mara ya kwanza, na ukuta wa chumba cha kulala kilichopakana na bafu ulikuwa na doa la unyevu lililorudi kila lilipopakwa rangi. Anayetafuta uzuri angelalamikia vigae. Mnunuzi makini angelitazama doa, kwa sababu doa hilo humwambia kwamba maji yanapita mahali yasipopaswa kupita, na kwamba hakuna anayejua yamekwisha kufika wapi.

Hesabu ya thamani huanzia hapo. Mthamini wa nyumba za kuishi mara nyingi hufanya kazi kwa kulinganisha: hutafuta nyumba zinazofanana zilizouzwa karibuni katika eneo lilelile, kisha huongeza au kupunguza kulingana na tofauti zilizopo. Katika ulinganisho huo bafu huingia hasa kwa idadi na kwa hali, yaani nyumba ina mabafu na vyoo vingapi, na je, vinafanya kazi bila dalili za uvujaji, ukungu au kuoza. Bei uliyolipia vigae haimo katika fomu yake. Mnunuzi naye akiona kasoro hupunguza zaidi ya gharama ya kuirekebisha, kwa kuwa anajikatia pia fidia ya usumbufu na ya hofu ya asichokiona. Kwa hiyo bafu bovu huondoa kwenye bei ya nyumba zaidi ya kile ambacho bafu zuri huongeza, na mtu anayekarabati kwa nia ya kupandisha thamani anapaswa kuielekeza fedha yake kwanza kwenye kile kinachotia hofu.

Jarida la Remodeling la Marekani kwa miaka mingi lilichapisha kila mwaka taarifa inayolinganisha gharama za aina mbalimbali za ukarabati na thamani inayorudi nyumba inapouzwa. Katika taarifa hizo, kwa miaka mingi ukarabati wa bafu wa kiwango cha kati ulionyeshwa kurudisha zaidi ya nusu ya gharama, lakini pungufu ya gharama yote, huku ukarabati wa kifahari ukirudisha sehemu ndogo zaidi ya ule wa kati. Soko la kila nchi lina tabia zake, lakini mwelekeo huo unaeleweka popote: anayenunua nyumba hulipia bafu linalofanya kazi vizuri, na halazimiki kulipia ladha ya aliyemtangulia.

Nikiipima huduma niliyopewa kwa kipimo hicho, hatua ya kwanza ndiyo iliyonishawishi kuichagua. Kampuni nyingine nilizoziita zilipima ukubwa wa sakafu na kuta, zikauliza ninapenda vigae vya rangi gani, zikatoa bei. Hii ilimtuma fundi aliyegonga vigae kimoja baada ya kingine kwa mpini wa bisibisi akisikiliza vilivyoachana na saruji, akafunua chemba ya nje kuona maji machafu yanavyotembea, akatia rangi kidogo kwenye tangi la choo ili kuona kama inaonekana kwenye bakuli bila mtu kuvuta maji. Ilionekana. Hiyo ilikuwa na maana kwamba tangi lilikuwa likivuja kimyakimya, jambo ambalo hupandisha ankara ya maji bila mtu kusikia hata tone. Makadirio ya gharama yaliyofuata yalitenganisha kazi ya mabomba, kazi ya kuzuia maji, vigae na vifaa, kila kimoja kwa bei yake. Mwenye nyumba aliyepewa jumla moja tu hana namna ya kujua ni wapi pa kupunguza bila kuharibu kazi, na ndiyo maana hujikuta akipunguza mahali pabaya.

Nilipowaambia kwamba ningependa choo kihamie ukuta wa pili, walinishauri niache, na ushauri huo uliniokolea fedha nyingi. Bomba la choo kwa kawaida huwa na kipenyo cha milimita 100 au zaidi kidogo, na ni lazima literemke kwa kipimo maalumu hadi kwenye chemba. Kulihamisha humaanisha kuvunja sakafu, kuchimba, kupanga mteremko upya na kujenga tena, yote kwa ajili ya badiliko ambalo mthamini hatalihesabu. Badala yake walipendekeza ukuta mwembamba wa kutenganisha choo na sehemu ya kuogea, kila upande ukiwa na mlango wake. Nafasi ilitosha kwa kuwa choo kinahitaji angalau sentimita 38 kutoka katikati yake hadi ukuta wa kila upande, na tulikuwa na zaidi ya hapo. Tangu ukuta huo ujengwe, mtu anayeoga hamzuii mwingine kutumia choo, na nyumba yetu yenye bafu moja inafanya kazi ambayo awali ilihitaji vyumba viwili. Kati ya yote yaliyofanywa, hili ndilo ninaloamini lilileta thamani kubwa zaidi kwa gharama ndogo zaidi. Mwenye nyumba kubwa yenye bafu moja tu angefanya vyema kuwauliza mafundi wake kuhusu choo cha pili kabla hajauliza kuhusu vigae, hasa kama kuna stoo au kona inayopakana na mabomba yaliyopo.

Baada ya kubomoa ikaja kazi ambayo sasa haionekani, na ambayo kwangu ndiyo kiini cha huduma nzima. Watu wengi huamini kwamba vigae ndivyo vinavyozuia maji. Kigae chenyewe chaweza kuwa hakipitishi maji, lakini grauti ya saruji iliyo kati ya vigae hunyonya, na maji yanayopita hapo kila siku hukaa katika saruji iliyo chini hadi yapate njia ya kutokea, iwe ni dari ya chini au ukuta wa jirani. Kinachozuia maji ni utando unaopakwa juu ya saruji kabla ya vigae kubandikwa. Mafundi hawa waliupaka mara mbili, wakisubiri mkono wa kwanza ukauke, wakaupandisha ukutani katika eneo lote la shawa, na wakaimarisha kwa kitambaa maalumu kila kona na kila mahali bomba linapotokeza, kwa sababu nyufa huanzia hapo. Kisha waliziba tundu la kutolea maji, wakaijaza sakafu maji ya kina kidogo, na kuyaacha kwa saa 24 wakiwa wameweka alama ya kina hicho ukutani. Maji hayakupungua. Jaribio hili halihitaji chombo chochote cha gharama, nami simwelewi fundi anayebandika vigae bila kulifanya, wala mwenye nyumba anayemruhusu.

Chini ya utando huo sakafu ya saruji ilikuwa imewekwa mteremko wa takriban sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Mteremko ukiwa mdogo kuliko huo maji hutuama na sakafu hubaki na utelezi na harufu; ukizidi sana, mtu husimama vibaya. Bomba la chini ya tundu lina kona inayobaki na maji yenye kina cha milimita 50, na maji hayo ndiyo yanayozuia hewa chafu ya bomba kuu isipande ndani ya nyumba. Bafu la zamani lilikuwa likinuka kila tuliposafiri, kwa kuwa kona yake ilikuwa na kina kidogo na maji yake yalikauka upesi. Dalali anayemleta mnunuzi katika nyumba iliyokuwa imefungwa kwa muda anajua harufu hiyo inavyoua mauzo kabla mazungumzo ya bei hayajaanza.

Mabomba ya chuma yaliondolewa yote na nafasi yake kuchukuliwa na mabomba ya plastiki ngumu ya PPR, yale yanayounganishwa kwa kuyeyushwa kwa joto la nyuzi 260 hivi, ili bomba na kiungo chake viwe kitu kimoja. Kila kifaa kilipewa koki yake ya kufungia, kwa hiyo fundi anayebadilisha bomba la beseni hafungi maji ya nyumba nzima. Kabla ya lipu kurudishwa mabomba yalijazwa maji kwa shinikizo na kuachwa, kisha yakapigwa picha ukutani huku rula ikionyesha umbali kutoka kona na kutoka sakafuni. Picha hizo nilikabidhiwa. Kwa maoni yangu zina thamani kuliko kioo chenye taa ambacho wauzaji hupenda kukisifia, kwa sababu atakayetoboa ukuta huo miaka kumi ijayo atajua pa kutoboa, na mnunuzi anayeonyeshwa picha za utando na mabomba huacha kukisia.

Kwenye vigae nina machache ya kusema. Vile vya porselini hunyonya maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, na hivyo vinafaa sakafuni. Vile vya kawaida vya ukutani vyaweza kunyonya zaidi ya asilimia 10 na havistahili kukanyagwa. Vya sakafuni viwe na uso unaoshika mguu, hata kama vile vinavyong'aa hupendeza zaidi dukani. Rangi tuliyochagua ni ya mchanga, tulivu, na ilichaguliwa hivyo kwa makusudi, kwa kuwa rangi kali humfurahisha aliyeichagua na kumlazimisha mnunuzi apige hesabu ya kuibandua. Kasoro ya kwanza ya huduma ilijitokeza hapa: kwenye kona ambako kuta mbili hukutana, fundi wa vigae alijaza grauti badala ya silikoni, yaani kizibo laini kinachonyumbuka. Kuta hupanuka na kusinyaa, grauti haina mnyumbuko, na baada ya miezi michache ufa mwembamba ulionekana kona nzima. Kampuni ilirudi, ikaikwangua na kuweka silikoni bila malipo, jambo ninalolishukuru, ingawa kampuni inayojali utando kiasi hicho haikupaswa kuhitaji kukumbushwa kuhusu kona.

Vifaa walituachia tuchague wenyewe ndani ya viwango walivyoweka, na viwango hivyo vilikuwa vya busara. Bomba za kunawia ziwe na mwili wa shaba nyeupe na moyo wa kauri, yaani sehemu ya ndani inayofungua na kufunga maji, kwa kuwa zile za aloi nyepesi zilizopakwa kromu huchubuka na kuoza kwenye nyuzi za kuunganishia. Bomba linalodondosha tone moja kwa sekunde hupoteza zaidi ya lita 11,000 kwa mwaka, na mara nyingi chanzo chake ni moyo wa bei rahisi. Choo kiwe cha vitufe viwili, mtindo uliobuniwa Australia mwaka 1980 na ambao siku hizi mara nyingi hutumia lita 6 kwa kitufe kikubwa na lita 3 kwa kidogo. Vyoo vingi vya zamani vilitumia lita 13 au zaidi. Marekani iliweka kikomo cha lita 6 hivi kwa vyoo vipya vya nyumbani kuanzia mwaka 1994. Familia ya watu wanne, kila mmoja akitumia choo mara tano kwa siku, huvuta lita 260 kwa tangi la lita 13, na lita 120 kwa tangi la lita 6 hata kama kitufe kidogo hakitumiki kabisa. Tofauti hiyo inarudi mfukoni kila mwezi bila kusubiri nyumba iuzwe. Unapojumlisha faida ya ukarabati, ankara ya maji iliyopungua ni haki yake kuhesabiwa.

Walipendekeza pia beseni kubwa la kuogea lenye mapovu na meza ya jiwe la asili. Nilikataa vyote viwili, nao hawakung'ang'ania. Beseni la mapovu linahitaji umeme, mota na usafi wa mabomba yake ya ndani, na mnunuzi asiyelipenda huliona kama mzigo wa kuondoa. Jiwe la asili hunyonya mafuta na sabuni, na linataka kupakwa kinga mara kwa mara. Zaidi ya hayo, nyumba ya kawaida yenye bafu la kifahari haiuzwi kwa bei ya nyumba ya kifahari, kwa kuwa paa, jiko na vyumba vingine bado vinalinganishwa na vya majirani. Ningetamani kampuni ingemweleza mteja jambo hili waziwazi wakati wa kuonyesha orodha ya vifaa, badala ya kumwachia aligundue mwenyewe.

Lawama yangu kubwa ni hewa. Makadirio ya kwanza hayakuwa na neno hata moja kuhusu namna mvuke utakavyotoka, ilhali tulikuwa tumegawanya chumba na kuacha sehemu ya kuogea na dirisha dogo la juu. Mvuke usiotoka huganda ukutani na darini, hulisha ukungu, huozesha fremu ya mlango, na ndani ya muda mfupi bafu lililogharimu fedha nyingi huanza kufanana na lile lililobomolewa. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza hutaka feni ya bafu iweze kutoa angalau lita 15 za hewa kwa sekunde, na si kifaa cha ghali ukilinganisha na kazi nzima. Nililazimika kuomba mwenyewe iongezwe, na kwa kuwa ombi lilikuja baada ya dari kufungwa, njia ya hewa ilibidi ichimbwe upya na gharama ikapanda. Fundi umeme wao aliifunga vizuri, pamoja na kikatio cha usalama cha milliampea 30 kinachozima umeme haraka ukivuja, lakini huduma inayojiita kamili haina ruhusa ya kusahau hewa. Hapa nawapunguzia alama nyingi kuliko mahali pengine popote.

Kuhusu muda, kazi ilichelewa kuliko walivyoahidi. Sehemu ya ucheleweshaji ilitokana na vifaa kuchelewa, nayo haikuwa na udhuru. Sehemu nyingine ilitokana na kusubiri saruji na utando vikauke, na hapo nilikuwa upande wao. Utando uliopakwa juu ya saruji mbichi huachana nayo, na hakuna kigae kitakachoficha kosa hilo kwa muda mrefu. Kampuni inayoahidi kumaliza bafu zima upesi kupita kiasi inapaswa kuulizwa ni hatua gani itakayorukwa.

Mthamini aliyeiona nyumba kabla ya kazi alirudi baada yake. Doa la chumba cha kulala halikuwapo tena, choo na sehemu ya kuogea vilikuwa vimetenganishwa, na tathmini yake ilipanda, ingawa si kwa kiasi chote tulichotumia. Nililitarajia hilo na sikulalamika, kwa kuwa salio la gharama tunalilipwa kila siku kwa maji yanayookolewa, kwa asubuhi zisizo na foleni na kwa ukuta uliokauka. Mtu anayekusudia kuuza hivi karibuni asinunue huduma nzima kama hii ikiwa bafu lake halivuji. Abadilishe silikoni na grauti iliyochakaa, atengeneze tangi linalovuja, afunge feni, apake rangi ya dari inayostahimili unyevu, abadilishe siti ya choo na bomba la beseni, kisha aache vigae vyake vya zamani viseme ukweli kuhusu umri wa nyumba. Mwenye doa ukutani, hata kama anauza kesho, afungue ukuta.

Kwa waliobaki, yaani wanaokusudia kuishi katika nyumba zao kwa miaka kadhaa huku wakitaka isipoteze bei, huduma hii naipendekeza, kwa sharti la kuandika feni na silikoni ya kona ndani ya mkataba kabla ya nyundo ya kwanza kugonga. Kuna sharti jingine ambalo nililiona baada ya kusaini. Kampuni inatoa dhamana ya maandishi dhidi ya uvujaji, lakini hati haisemi kama dhamana hiyo huhamia kwa mnunuzi nyumba ikiuzwa ndani ya kipindi chake. Nimewaandikia kuomba sentensi hiyo iongezwe, na wamekubali kwa barua, ambayo sasa nimeiweka pamoja na picha za mabomba katika jalada moja na hati za nyumba.